Bawa la Kushoto

Pazia la mlango wa chumba lilikuwa jepesi, na Ruqayya alimshukuru Mungu kwa wepesi ule. Akisogeza jicho karibu na kitambaa aliiona sebule nzima ya baba yake: mkeka mpya, sinia la sambusa, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na mbele ya televisheni hiyo, ameketi magoti pamoja kama mtoto wa madrasa, Samir.

"Toa jicho hapo," Shangazi Muna alimnong'oneza, akamvuta kwa ukingo wa leso. "Mwanamke anayeposwa hachungulii."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Mimi niliposwa nikiwa nimeangalia ukuta."

"Ndiyo maana ukampata yule."

Shangazi aliziba mdomo kwa kiganja asije akacheka. Mumewe alikuwa mtu wa kukoroma hata akiwa macho, na ukoo mzima ulilijua hilo.

Ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri, na Ngoingwa nzima ilijua kwamba kwa Mzee Sele kuna wageni wa posa kutoka Ruiru. Walikuja watatu. Samir mwenyewe, kijana wa kuchomelea madirisha na mageti, shati limepigwa pasi mpaka likawa gumu. Mzee Irshad, baba yake mdogo, ndiye msemaji, kwa kuwa baba mzazi alikwisha kufariki. Wa tatu alikuwa Absalom, kaka wa mama yake, mtu wa Webuye, mnene, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, aliyevaa koti lenye vifungo vya dhahabu na aliyekuwa anakula sambusa kwa bidii ya mtu aliyetumwa kuzimaliza.

Huyo Absalom ndiye aliyekuwa mwiba kwa Mzee Sele. Alikwisha kumwambia binti yake waziwazi, mezani: "Baba hayupo. Mama alisilimu ukubwani. Mjomba anaimba kanisani. Siku mambo yakiharibika, nani atakuja kunijibu? Nitamshika nani shati?" Moyoni mwake alikuwa na mtu wake, mtoto wa rafiki yake mwenye duka la vipuri hapo mjini Thika. Alikubali kuwapokea watu wa Ruiru kwa sababu dada yake Muna alimsumbua mpaka akachoka. Lakini aliweka sharti: "Watakuja mara moja. Nikikataa mimi au akikataa binti, yameisha. Posa ikitoka mlango huu hairudi."

Kwa hiyo Ruqayya alikuwa na alasiri hiyo moja tu.

Mzee Irshad alimaliza kueleza ukoo, tabia na kazi ya kijana wake. Alisema vizuri, bila kuongeza chumvi. Mzee Sele alisikiliza, mikono yake mikubwa ikiwa juu ya magoti. Kazi yake ilikuwa kuunda bodi za malori, na kelele za nyundo za miaka yote zilimfanya azungumze kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara.

"Kijana," akasema. "Nasikia huko Ruiru huwa mnakusanyika kwa fundi wa redio kutazama Orvana."

Shangazi na Ruqayya wakatazamana.

Orvana kilikuwa kipindi cha televisheni cha kila Jumamosi, chenye jina refu la Kiingereza, lakini Thika na Ruiru watu walikiita kwa jina la chombo chenyewe: chombo kikubwa cheusi chenye mbawa mbili, kinachozunguka kati ya nyota kikitafuta mahali pa kutua. Kapteni wake alikuwa mwanamke, Dessa. Mzee Sele alikuwa hakosi. Angeweza kukosa harusi, lakini Orvana hakosi.

"Ndiyo, Mzee," Samir akajibu. "Kwa Waweru. Tunatazama."

"Mliona ile ya bawa la kushoto?"

Nyuma ya pazia Ruqayya alirudisha jicho kwenye kitambaa.

Ile ya bawa la kushoto! Kila mtu aliiona. Bawa la kushoto la Orvana linashika moto, na ndani yake yumo fundi mkuu, mchumba wa Kapteni Dessa, anahangaika na vali. Kapteni anasimama mbele ya kioo, amempa mgongo kila mtu, anatoa amri bawa likatwe. Linakatwa. Chombo kinapona, na yule mwanamume anaelea na bawa lake gizani. Ikaisha hapo, muziki ukapigwa.

Wiki hiyo watu waligombana. Ruqayya alikuwa akishona sare za shule kwenye duka la Shangazi Muna, Ruiru, mlango wa pili kutoka kwa Waweru, na siku hiyo yeye na Shangazi walikuwa wameingia kutazama. Muziki ulipopigwa, wanaume wakaanza. Dessa kafanya vizuri. Mtu mmoja afe, wengine wapone. Hesabu ndogo. Na bawa lenyewe la nini, anga za juu hakuna upepo, lile ni pambo tu. Wote upande mmoja, wanagonga meza.

Ndipo kijana mmoja aliyekuwa kaegemea mlango, mikono imejaa alama za cheche za moto, akasema, "Mimi singekata."

"Ungekufa na watu wako wote, fala wewe," mmoja akamwambia.

"Ningetafuta njia. Ningeenda mwenyewe kumtoa. Mtu wako yuko mle ndani, halafu unampa mgongo? Wacha bwana."

Walimcheka. Wakamwita bwana harusi. Hakurudi nyuma hata kidogo. Alichukua chaki akachora Orvana kwenye ubao wa Waweru, akaonyesha bawa limefungwa wapi, mlango wa dharura uko wapi, na kwa nini kulikuwa na nafasi. Ruqayya alisimama naye akamwambia kwamba amekosea, kwamba kukata kulikuwa sawa, ubaya wa Dessa ni kukata bila kumwambia mwenzake kwanza. Walibishana mpaka Waweru akazima taa. Kisha wakabishana barabarani, Shangazi akiwa katikati yao kama refa. Jumamosi iliyofuata wakabishana tena, na iliyofuata, na siku moja Ruqayya aligundua kwamba anaichukia Ijumaa kwa sababu haikuwa Jumamosi.

Hakukubaliana naye. Lakini usiku ule wa kwanza alilala akifikiria jambo moja tu: kuna mwanamume duniani ambaye, watu wote wakisema kata, yeye husema singekata.

Na sasa baba yake ndiye aliyeuliza.

"Niliiona, Mzee," Samir akasema.

"Mimi nasema yule mwanamke alifanya kazi yake. Bawa lile ni uzito wa bure. Mimi huunda bodi, najua uzito. Kipande kikiharibika unakikata, gari linaendelea. Sivyo?"

Ruqayya alilikamata pazia. Sasa, alijiambia. Sasa atasikia mtu.

Samir alimtazama mjomba wake Absalom. Absalom alikohoa kidogo. Samir akainamisha macho.

"Ni kweli, Mzee. Lilifaa kukatwa."

"Na yule kijana mle ndani?"

"Hakukuwa na la kufanya."

Mzee Sele aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chai bila sukari na hataki kulalamika. "Basi vizuri," akasema, sauti imeshuka. "Muna! Muulize binti."

Shangazi aligeuka, uso umejaa furaha. Alimshika Ruqayya mabega yote mawili. Desturi yao ilikuwa fupi. Msichana huulizwa, na akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Hatakiwi kutamka neno.

"Ruqayya binti Sele. Umeposwa na Samir. Umekubali?"

"Bado."

Shangazi akashtuka kama aliyeguswa na pasi ya moto. "Nini?"

"Bado, Shangazi. Nataka kusema naye."

"Wazimu umekupata? Hakuna bado! Kuna kunyamaza na kuna hapana. Baba yako akisikia umetamka kitu chochote, atawafungulia mlango hao watu waende zao, na kesho ataita wale wa vipuri!"

"Umemsikia alichosema?"

"Nimemsikia. Kipindi cha televisheni!"

"Si kipindi." Macho yalianza kumlowa Ruqayya, naye akayafuta kwa hasira. "Nilimpenda kwa hilo neno moja. Leo kalitupa mbele ya sinia la sambusa. Kama amelitupa hilo, mimi nitatupwa mbele ya nini?"

Shangazi Muna akavuta leso yake kichwani, akatoa uso nje ya pazia.

"Bado anavaa," akasema kwa sauti ya asali. "Kakangu, wageni wale kwanza. Lakini sufuria ya pilau ni nzito na mkono wangu huu mnaujua. Huyo kijana aje anishushie."

"Mgeni aingie jikoni?" Mzee Sele akashangaa.

"Mgeni anayetaka kuwa mtoto wa nyumba. Acha abebe."

Jikoni, ambako Shangazi alimwingiza Ruqayya kwa mlango wa uani, kulijaa mvuke na harufu ya pilau. Shangazi alisimama mlangoni, akawapa mgongo, akaanza kupanga sahani kwa kelele zisizo za lazima. Samir aliingia akiwa na tabasamu, na tabasamu likafia pale pale alipouona uso wa Ruqayya.

"Sasa," akamsalimu.

"Usiniambie sasa. Lilifaa kukatwa?"

"Ruqayya..."

"Hakukuwa na la kufanya? Ubao mzima wa Waweru ulijaa la kufanya!"

"Tafadhali, punguza sauti." Alijifuta paji la uso kwa mkono wa shati. "Anko Absalom ameniambia tangu asubuhi. Chochote Mzee atakachosema, wewe sema ni kweli. Akisema Thika iko baharini, wewe muulize samaki ni bei gani. Hawa watu hawanitaki, unajua hivyo. Nina mama ambaye hawamtaki, na nimekuja na mjomba ambaye hawamtaki. Nibishane na yeye tena? Kwa sababu ya chombo cha kwenye televisheni?"

"Kumbe kwako ni chombo cha kwenye televisheni tu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Samir alikuwa karibu kiasi kwamba Ruqayya aliona kovu dogo jeupe chini ya jicho lake, cheche iliyomkosa kidogo, na akakasirika zaidi kwa sababu alitaka kuligusa.

"Sikiliza," Ruqayya akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi nilikubishia tangu siku ya kwanza. Nitakubishia mpaka tuzeeke. Lakini siku zote nilijua niko na nani. Leo nimesimama nyuma ya pazia, nikasikia mwanamume nisiyemjua. Baba yangu ana sauti kubwa, Samir. Akisema mama yako asije hapa sikukuu, utasema ni kweli Mzee? Akisema mwanamke wako hapaswi kwenda dukani kushona, utasema ni kweli Mzee?"

"La."

"Utajua vipi? Umeshaanza."

Maneno hayo yalimwingia. Ruqayya aliyaona yakiingia. Samir alitazama mikono yake, akaikunja, akaikunjua.

"Niliogopa," akasema. "Aki ya Mungu, niliogopa. Nilipoingia hapo nikaona ule mkeka mpya, nikasema moyoni, kama nitasema neno moja lisilofaa nitarudi Ruiru bila wewe, na posa hairudi. Kwa hiyo nikasema neno la mtu mwingine." Akainua macho. Yalikuwa yale yale ya mlangoni kwa Waweru. "Nikirudi pale nikamwambia nilimdanganya, atanifukuza."

"Huenda."

"Na wewe unataka niende."

"Nataka ufukuzwe ukiwa wewe, kuliko uolewe nami ukiwa mwingine."

"Mwanamume haolewi, mwanangu, huoa," Shangazi akasema bila kugeuka. "Na hiyo pilau inaungua."

Samir alicheka, kicheko kifupi cha woga. Kisha akakamata sufuria kwa vitambaa viwili, akaishusha, akapakua sinia zima, akalibeba. Mlangoni akasimama, akamtazama Ruqayya mtazamo mmoja mrefu kama mtu anayetaka kukumbuka. Kisha akatoka.

Ruqayya alirudi kwenye pazia lake. Shangazi safari hii hakumvuta. Alibana jicho lake papo hapo chini ya jicho la mpwa wake.

Samir aliweka pilau mkekani. Hakuketi.

"Mzee Sele," akasema. "Nilikudanganya."

Absalom alisimamisha sambusa njiani kuelekea mdomoni.

"Umenidanganya nini?" Mzee Sele akauliza.

"Kuhusu bawa. Mimi sisemi lilifaa kukatwa. Sijawahi kusema hivyo maishani mwangu. Mimi singekata."

"Samir," Absalom akanong'ona. "Samir, mtoto wa dada yangu, keti chini."

"Umenidanganya nyumbani mwangu," Mzee Sele akasema, "ukila chakula changu."

"Ndiyo. Naomba unisamehe kwa uongo. Lakini kwa bawa siombi msamaha. Yule alikuwa mtu wake. Alikuwa anamngoja. Dessa angeweza kumfungia ile milango ya kati akamwachia hewa, akageuza chombo moto uelekee nje, akaenda mwenyewe. Na lile bawa si pambo, Mzee, samahani. Bawa ndilo rejeta. Joto la injini linatoka nje kupitia wapi? Ukilikata unapika kila mtu polepole. Sehemu iliyofuata chombo kilianza kuwaka joto ndani, ulikiona!"

"Joto lile lilitokana na jua!"

"Jua lilikuwa upande wa kulia!"

"Kulia kwa nani?"

Mzee Sele alikwisha kuinuka kwa magoti. Akavuta sinia la sambusa, akageuza sahani mbili, akaziweka pande zote mbili za sinia. "Hii Orvana. Hizi mbawa. Hapa injini. Sasa wewe, fundi wa madirisha, nionyeshe hilo jua."

Samir alipiga magoti naye, akachukua limau, akaliweka pembeni mwa sahani ya kulia. Mzee Sele akalihamisha. Samir akalirudisha.

"Samahanini," Mzee Irshad akasema kwa adabu. Hakuwa na televisheni. "Hicho chombo ni cha nani, na kiliharibikia wapi?"

"Mzee Sele," Absalom akajipa moyo, "sisi tulikuja kwa ajili ya binti. Haya mambo ya ndege..."

"Ndege?" Mzee Sele akamgeukia. "Ndege, wewe? Ndege iende kwenye nyota?" Kisha, kwa Samir: "Mjomba wako ndiye aliyekufundisha kusema ni kweli Mzee?"

Samir hakumtaja mjomba wake. Aliendelea kushikilia limau lake.

Mzee Sele alimkodolea macho.

"Umekosea," akasema hatimaye. "Umekosea kabisa, kuanzia rejeta mpaka jua. Utakuwa unakuja hapa kila Jumamosi, na nitakuonyesha mpaka uelewe." Akaketi, akavuta sahani ya pilau karibu naye. "Muna! Muulize tena. Na aache kuvaa, amevaa vya kutosha."

Shangazi Muna aligeuka. "Ruqayya binti Sele," akanong'ona, "umeposwa na Samir. Umekubali? Na sasa, nakuomba kwa jina la marehemu mama yako, nyamaza. Mara moja tu maishani mwako, nyamaza."

Ruqayya alibana midomo. Alikuwa amekubali kwa mwili mzima. Alifumba macho, akaanza kunyamaza, na kwa kweli alinyamaza vizuri.

Huko sebuleni, baba yake alikuwa anaendelea, mdomo umejaa wali. "Tuseme hakukata kwanza. Tuseme kamwambia yule jamaa kwenye simu yao ile: mpenzi, nakukata. Ungetaka hivyo?"

"Hapana," Samir akasema. "Hiyo ni mbaya zaidi. Angemlaani."

"Hangemlaani!" Ruqayya akapaza sauti kupitia pazia. "Angesema mwenyewe kata, kama angeulizwa! Tatizo lenu wote ni moja, hamuulizi!"

Kijiko cha mtu kilianguka. Shangazi Muna alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mzee Irshad ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kwa masikitiko. "Ametamka. Basi ni hapana. Tumshukuru Mungu, twende nyumbani."

"Keti," Mzee Sele akamwambia. "Hiyo ni ndiyo."

"Lakini desturi..."

"Mimi ndiye niliyemlea. Mtu ambaye hamtaki, hamkosoi; humwachia kosa lake aende nalo." Aligeuza uso kuelekea mlangoni, na sauti yake kubwa ya gereji ikawa ndogo ghafla. "Au nimekosea, mama?"

Alikuwa hajamwita mama tangu Ruqayya alipokuwa mtoto.

"Hujakosea, Baba," Ruqayya akasema. "Nimemkubali."

Kigelegele cha Shangazi Muna kilitoka kabla neno halijaisha, kikapita dirishani, kikaenda kuwaambia majirani wote wa Ngoingwa. Absalom aliinuka na vifungo vyake vya dhahabu akamkumbatia Mzee Irshad, kisha, kabla hajazuiwa, akamkumbatia Mzee Sele. Mzee Sele alivumilia.

Samir hakuinuka. Alikuwa bado amepiga magoti kando ya sinia, amesahau mjomba, amesahau adabu za posa, macho yake yako kwenye pazia kama vile halikuwepo.

"Eti angesema kata," akamwambia, polepole. "Hata kama alimpenda?"

"Hasa kama alimpenda," Ruqayya akasema, akasogeza pazia kidogo, kiasi cha kuonana.